MABINGWA WETU WA ELIMU YA SUMU: HESHIMA YAO I WAPI?

Pwani ya mji wa Dar es Salaam, mkabala na bahari, ipo barabara ambayo kwa miaka mingi iliitwa Ocean Road. Kando yake zimesimama nyumba mbili ambazo kila mwananchi alaye ugali angefaa azijue kama ajuavyo nyumba ya jirani yake. Namba 5 ni Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo yenyewe huhesabu umri wake tangu mwaka 1895. Namba 22 ni Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973. Humo wamekaa wana wa nchi hii, miaka nenda miaka rudi, wakipima unga, maji, matapishi ya wagonjwa na maini ya marehemu, ili ijulikane ni sumu gani iliyoingia, imeingiaje, na vipi isiingie tena.

Mwaka 2013 wakubwa waliona barabara hiyo yafaa ipewe jina jipya. Ikapewa jina la nani? La Bwana Barack Obama, Rais wa Marekani wa wakati huo, aliyefika mjini tarehe 1 Julai na kuondoka tarehe 2.

Hatuna ugomvi na Bwana Obama. Baba yake alikuwa mtu wa Kenya, jirani zetu, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini twauliza: aliyekaa siku mbili amepata barabara nzima, je, aliyekaa miaka thelathini ndani ya nyumba iliyo kando ya barabara hiyo hiyo, mikono imeungua kwa dawa, macho yamechoka kwa darubini, amepata nini? Tujibu wenyewe, maana jibu twalijua. Amepata barua ya kustaafu.

Wapo watakaotucheka. Watasema gazeti la chama lina kazi gani na elimu ya sumu, hiyo ambayo wasomi huiita toksikolojia? Tuwaambie waje Kariakoo. Wasimame asubuhi pembeni ya Mtaa wa Congo, wasikilize vipaza sauti vya wachuuzi: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Vipakiti vidogo, vingine havina hata herufi moja ya kueleza kilichomo ndani, wala kipimo chake, wala cha kufanya mtoto akikiramba. Waingie maduka ya vipodozi waone mafuta ya kujichubua ambayo wanawake wetu hujipaka usoni, na zebaki ni miongoni mwa vitu ambavyo wakaguzi wa serikali wamekuwa wakivikamata ndani ya mafuta ya namna hiyo. Kisha wapite kwenye magunia ya karanga na mahindi. Mwananchi wa Kariakoo anunua sumu na chakula katika mtaa mmoja, mara nyingine kwa mkono mmoja, na kinachomkinga ni elimu ya watu wachache asiowajua hata kwa majina. Jambo hilo ni la siasa kama lilivyo la siasa jambo la bei ya sukari.

Basi na tuwataje, maana mtu hawezi kumheshimu asiyemjua.

Mwaka 1985 ukame uliipiga wilaya ya Tarime. Watoto na wanawake wakaanza kupooza miguu ghafla. Mtu alilala mzima, akaamka magoti yamekaza, miguu inavutana, hawezi kutembea ila kwa fimbo, na wengine hata kwa fimbo hawakuweza. Ulemavu wa namna hiyo haumtoki mtu mpaka kaburini. Ugonjwa huo jina lake ni konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938 katika Kongo ya Wabelgiji. Miongoni mwa waliouchunguza Tarime alikuwamo kijana wa Taasisi ya Chakula na Lishe, Nicholas Mlingi, pamoja na Dokta William Howlett wa hospitali ya KCMC Moshi na Dokta Hans Rosling wa Sweden. Habari za uchunguzi huo zilitoka mwaka 1990.

Walichokieleza chapasa kujulikana na kila mama. Muhogo mchungu una sumu ambayo, muhogo ukipondwa au ukitafunwa, hutoa sianidi. Bibi zetu waliijua kazi yake kabla ya maabara yoyote: waliumenya, wakauloweka, wakauvundika, wakauanika, siku kadhaa, na sumu ikatoka. (Kama kuna watu waliotangulia katika elimu hii barani Afrika, basi ni hao bibi, nao hawakupewa hata kanga.) Mwili nao una kinga yake, huivunja sianidi kwa kutumia salfa iliyomo ndani ya chakula cha kujenga mwili, kama maharage, samaki na nyama. Lakini ikija njaa mambo mawili huenda pamoja. Watu wana haraka ya kula, hivyo hufupisha siku za kuloweka na kuanika. Na kitoweo hakuna, hivyo mwili hauna cha kujikinga. Hapo ndipo miguu hufungwa. Ni ugonjwa wa sumu, na ni ugonjwa wa umaskini, na ayatenganishaye mambo hayo mawili hajauelewa.

Dokta Mlingi hakuishia Tarime. Ukame wa mwaka 1988 ulipowakuta watu wa Masasi wakila muhogo uliotengenezwa kwa njia ya haraka wanayoiita chinyanya, na watu wakalewa sumu baada ya kula, yeye alikuwa miongoni mwa waliokwenda kupima. Konzo ilipozuka tena kusini, Mtwara na Mbinga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuwamo tena. Safari hiyo yeye na wenzake wa Tanzania, pamoja na Bwana Howard Bradbury wa Australia, waliwafundisha wanavijiji jambo jepesi ajabu: unga wa muhogo uchanganywe na maji, utandazwe tabaka jembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, gesi ya sumu iondoke yenyewe, ndipo usongwe ugali. Hakuna mashine ya kununua. Hakuna mkopo. Hakuna mfadhili wa kumshukuru kila mwaka. Yatakiwa ungo au mkeka, maji, na mtu wa kufundisha.

Sasa tutazame heshima ilivyogawiwa. Dokta Rosling alifariki mwaka 2017, na dunia nzima ilimlilia. Watu wa kila bara walikwisha kumsikiliza akieleza hesabu za afya na umaskini, na vitabu vyake viko mikononi mwa wakubwa. Alistahili, twasema bila kinyongo, maana alikaa na watu wetu vumbini. Lakini mwenzake wa Dar es Salaam, waliyeandika pamoja, ni nani amjuaye hapa Gerezani, hapa Mkunguni, hapa Jangwani? Mwulize kijana wa chuo. Mwulize mjumbe wa nyumba kumi. Mwulize hata mhariri.

Tuendelee. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walianza kuugua ugonjwa usiojulikana: macho ya manjano, tumbo kuvimba, kutapika, kisha kifo. Wagonjwa 68 walihesabiwa, na 20 kati yao walikufa. Wataalamu wetu, miongoni mwao Bibi Analice Kamala aliyekuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, walifuatilia mpaka kwenye ghala za mahindi. Wakamkuta mwuaji: sumukuvu. Ni sumu ya kuvu waotao kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vyema. Haina harufu. Haina ladha. Ukiichemsha haitoki, maana moto wa jikoni hauiwezi. Jirani zetu wa Kenya ilikwisha kuwaua watu 125 mwaka 2004, huko Makueni na Kitui na wilaya za jirani. Profesa Martin Kimanya wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi katika sumu za namna hiyo ndani ya mahindi na ndani ya uji wa watoto wachanga. Mama wa Kariakoo anapomkorogea mwanawe uji wa lishe, mahindi na karanga pamoja, hajui kwamba kuna mtu Arusha amehangaika miaka mingi kwa ajili ya kikombe hicho.

Na mboga je? Nyanya na kabichi ziletwazo sokoni zimepigwa dawa. Profesa Vera Ngowi, aliyefanya kazi Taasisi ya Viuatilifu huko Ngaramtoni, Arusha, kabla ya kwenda Muhimbili, alitembelea wakulima wa mboga wa kaskazini yeye na wenzake, na mwaka 2007 wakatoa matokeo. Karibu theluthi moja ya wakulima walikuwa wakichanganya dawa mbalimbali katika bomba moja. Wakulima 68 katika kila 100 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kunyunyizia. Hawa ndio watulishao! Mtu huwaza kwamba baada ya kusoma hesabu kama hiyo wakubwa wangempeleka bibi huyu redioni kila wiki. Wangapi kati yenu, ndugu wasomaji, mmewahi kulisikia jina lake kabla ya leo?

Hatusemi haya kwa sababu twapenda kulalamika. Twasema kwa sababu kuheshimu ni siasa, na mkoloni aliijua siasa hiyo kutuzidi.

Kumbukeni habari ya Robert Koch. Huyu alikuwa mganga mkuu wa Wajerumani, mtu wa akili nyingi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka 1906 alikuja Amani, milima ya Usambara, kisha akaenda visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, kutafuta dawa ya malale. Dawa aliyoijaribu iliitwa atoksili, nayo ndani yake mna aseniki. Kwanza wagonjwa walionekana kupata nafuu. Nafuu ilipopotea alipandisha kipimo mpaka gramu nzima kwa sindano. Basi wagonjwa wapatao ishirini wakapofuka macho, wala hayakufunguka tena. Wengi wengine wakakimbia kambi. Kanuni ya kwanza ya elimu ya sumu ni kwamba kipimo ndicho kigawacho dawa na sumu. Waafrika wa Sese waliifundisha kanuni hiyo kwa macho yao. Leo huko Berlin taasisi kubwa ya afya ya Wajerumani yaitwa kwa jina la Koch. Waliopofuka hawana jina popote.

Na Wamarekani? Mwaka 1961, mwaka ule ule ambao Tanganyika ilipata uhuru wake, wataalamu wa sumu wa Marekani walianzisha chama chao. Chama hicho hutoa nishani mbalimbali kila mwaka, na moja yao ni kwa ajili ya mtu aliyeitumikia elimu hiyo katika maisha yake yote ya kazi. Wao hawakungoja mtu wa nje aje kuwaambia nani ni bingwa wao. Miaka ya uhuru wetu na miaka ya chama chao ni sawa. Wao wana orodha ndefu ya waliotukuzwa. Sisi tuna nini?

Tutaambiwa kwamba serikali yawajali wanasayansi, na kwamba fedha zimetolewa. Ni kweli. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mtafiti atakayechapisha makala katika majarida ya kimataifa ya hadhi ya juu atazawadiwa hata shilingi milioni 50. Ni fedha nyingi, wala hatumwonei wivu azipataye. Lakini tazameni mizani ilivyotungikwa. Mwamuzi ni nani? Ni mhariri wa jarida la London au New York. Yeye akikubali, sisi twalipa. Yeye akikataa, bingwa wetu si bingwa. Hiyo ni kasumba, hata kama imefungwa katika noti zenye picha ya simba. Mtu aliyefundisha vijiji kumi kutandaza unga wa muhogo kivulini, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde, hana makala ya kuonyesha kwa kila kijiji. Ana watoto wanaotembea. Nani awahesabu hao?

Na kwenye mpira twajua kuhesabu. Mwaka 2023 Rais alitoa ahadi ya shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na sisi wa Kariakoo, ambako klabu zote mbili zina nyumba zao, Msimbazi na Jangwani, tulishangilia kuliko wote. Hatujuti. Lakini goli huhesabiwa mbele ya watu elfu sitini. Kazi ya mtu wa elimu ya sumu ni kinyume: akiifanya vyema, hakuna kinachotokea. Hakuna anayeanguka. Hakuna msiba. Watu hula wakaenda kulala. Basi kwa kuwa hakuna cha kutazama, na sherehe hakuna.

Wako pia wasemao: hawa wanalipwa mshahara, wanataka nini zaidi? Twajibu hivi. Askari naye hulipwa mshahara, na bado hupewa medali, na hakuna auonaye upuuzi. Heshima haiji badala ya mshahara. Heshima ndiyo imwitayo kijana afuate njia. Kijana mwenye akili ya kemia leo atazama pande mbili. Upande huu aona kampuni iuzayo dawa za kuua wadudu, gari, simu, semina ya hotelini. Upande ule aona maabara ya serikali, na mzee aliyemaliza kazi ambaye hakuna amkumbukaye. Atakwenda wapi? Atakwenda kuuza dawa. Kisha tutashangaa siku moja ugonjwa usiojulikana umezuka tena, na aliyeujua wa kwanza amekwisha kufa na daftari lake limetafunwa na mchwa. Konzo ilipigwa picha Tarime mwaka 1985, na bado ikatukuta kusini hatujajiandaa. Je, wangapi Mtwara walikuwa wamesimuliwa habari ya Tarime?

Hapa Kariakoo hatuna ujinga wa kuheshimu watu. Tazameni mitaa. Kichwele imekuwa Uhuru. New Street, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, imekuwa Lumumba. Mtaa wa Stanley umekuwa Max Mbwana. Kipata umepewa jina la Kleist Sykes. Na Tandamti umepewa jina la Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki wa soko hili hili la Kariakoo, mmoja wa wazee wa TANU waliotoa mali zao kwa ajili ya chama. Muuza samaki ana mtaa, na tunaupita kwa fahari! Ndiyo kusema wazee wetu walijua kwamba heshima ya nchi hupewa aliyeitumikia, awe na joho au awe na msuli. Ila Mtaa wa Livingstone ungali Livingstone. Mwingereza huyo wa Scotland aliikamata Kariakoo kwa jina lake, na mpaka sasa hajalipiwa hata kodi ya pango.

Basi madai yetu ni haya, na twayapeleka kwa Halmashauri ya Jiji, kwa Wizara ya Afya, kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kwa chama chetu wenyewe, maana chama nacho hakijafanya neno.

Twataka pawepo nishani ya taifa kwa walioitumikia elimu ya sumu maisha yao yote, na waamuzi wawe wa hapa: wataalamu, ndiyo, lakini pia mkulima, mama lishe, na mtu wa sokoni. Makala za ng'ambo zihesabiwe, hatuzidharau. Lakini zisiwe ndizo mlango pekee. Nishani ipewe mtu akiwa hai na masikio yake yakisikia, kwa sababu tumechoka na sifa zisomwazo juu ya jeneza. Itolewe hapa Kariakoo, uwanja wa Mnazi Mmoja watosha, wala si katika ukumbi wa hoteli ambao mama lishe hawezi kuingia. Na atakayeipokea aseme kwa Kiswahili, robo saa, ameona nini katika miaka yake yote na wananchi wafanye nini na mihogo, mahindi, na vipakiti visivyo na jina. Hotuba hiyo ipigwe chapa, ibandikwe kila tawi.

Mtaa nao utafutwe. Kama Livingstone ni mgumu, basi uwe mwingine. Lakini mtoto wa shule apite chini ya kibao aulize, huyu alikuwa nani, na ajibiwe: huyu alitukinga tusife kwa chakula chetu.

Tena kuna heshima iliyo ngumu kuliko kibao. Mtu aliyesema mwaka 2007 kwamba wakulima wanachanganya dawa kiholela hafurahi kupewa nishani huku vipakiti visivyo na jina vikiendelea kunadiwa mbele ya macho ya askari wa jiji. Atajiona anachezewa. Kwa hiyo siku ya nishani iwe pia siku ya kusomwa taarifa: mabingwa walishauri nini, na serikali imetekeleza kipi. Mstari kwa mstari. Mkubwa ambaye hakutekeleza asimame aseme kwa nini.

Wanachama wa matawi ya Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Mchafukoge tunawaomba mlete majina. Awe mkemia aliyestaafu, awe fundi wa maabara, awe mganga wa zahanati aliyekwenda kijijini watu walipokuwa wakianguka. Andikeni jina lake, mahali alipofanya kazi, na alilolifanya, mlete ofisini kwetu au mumpe katibu wa tawi. Majina yote tutayapeleka kwa mkono kwa Meya wa Jiji, na tarehe tutakayopokelewa, pamoja na jibu tutakalopewa, tutaichapa katika ukurasa huu huu.